Diski ya Makamu Imefutwa, Lakini Haijafutika

Ofisi ya Makamu Mkuu wa Shule
(mlango unaotazamana na choo cha walimu)

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Shule
(mlango wa pili)

Mheshimiwa Mkuu,

KUHUSU: DISKI YANGU, JINSI ILIVYOFUTWA, JINSI ISIVYOFUTIKA, NA HATARI INAYOIKABILI SHULE

Najua tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwamba ukipiga chafya huko mimi huku nakuitikia bila kunyanyuka kitini. Ningeweza kuja kulisema hili kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo katika shule hii hayavuki korido bila kutiwa chumvi, na suala lenyewe limeshakolea tayari. Kwa hiyo naandika, kwa adabu zote, nikiwa na akili timamu na shinikizo la damu ambalo mhudumu wa zahanati ya shule ameliita "la kuangaliwa".

Mambo yalianza hivi. Kompyuta ya ofisi yangu iliugua. Ukiiwasha inagonga kwa ndani, ka-ka-ka, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha, kisha inakwama. Fundi wetu wa kompyuta, yule tunayemwita Waya, aliifungua akatoa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Akasema hiyo ndiyo diski, kwamba humo ndimo vilimo vyote nilivyowahi kuandika tangu nikabidhiwe ofisi, na kwamba iko mbioni kukata roho. Akashauri ifutwe kabla ya kutupwa, kwa sababu diski ikitupwa na vilivyomo, atakayeiokota atajisomea apendavyo. Nilikubaliana naye mia kwa mia. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno.

Tangazo lako lililobandikwa ubaoni lilisomeka: "Diski ya Ofisi ya Makamu ifutwe kabla ya kutupwa." Mheshimiwa, mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla sijawa Makamu, na katika kila kikao nimeomba matangazo ya shule yapitie kwangu kwanza. Kitenzi "futa" kina kazi nyingi. Tunafuta ubao, tunafuta vumbi, tunafuta machozi, tunafuta kesi, tunafuta kauli, na Bodi inafuta watu kazi. Tangazo halikusema diski ifutwe kwa maana ipi.

Mama Stoo, ambaye hajawahi kukaidi karatasi yenye muhuri, akaifuta. Aliifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, akairudia kwa mafuta ya taa ili ing'ae, kisha akaianika dirishani mwa stoo juu ya gazeti, na karatasi pembeni: IMEFUTWA. Dirisha la stoo linatazama njia ya kwenda maktaba. Nilipomfuata kumuuliza amefanya nini, alinijibu kwamba amekuwa akifuta vitu vya shule hii tangu mimi sina mvi hata moja, na hajatokea mtu wa kumwambia arudie. Kesho yake ukampongeza mbele ya walimu wote kwa utekelezaji wa haraka.

2. Fundi Waya.

Nilimrudishia Waya diski ikiwa inanukia mafuta ya taa. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza aliiunganisha na kompyuta yake, akatazama, akasema vitu vyote bado vipo. Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu kabla hata ya kumwita nilikuwa nimeshavifuta mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kidole changu hiki. Akanieleza kwamba kubonyeza "futa" ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zenyewe zinabaki pale pale, kilichoondoka ni mahali pa kuzitafutia. Ili kufuta kwelikweli, akasema, lazima programu iandike sifuri juu ya kila kitu, kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho wake.

Akaanza. Ilipofika karibu na nusu ikagonga, ka-ka-ka, ikasimama. Akaanza upya. Ikasimama pale pale. Alijaribu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa kuivizia, nayo ikamgomea. Ndipo akatamka sentensi hii: "Mwalimu, nusu imefutwa, ila nusu haijafutika." Alifafanua kwamba diski inayokufa huwa na sehemu mbovu zisizokubali kuandikwa tena juu yake, lakini wapo wataalamu wenye maabara zao, huko mijini, wanaoweza kuzisoma sehemu hizo hizo mbovu neno kwa neno.

Nimefundisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka kwa miaka yote ya ajira yangu, na kila mwaka wanafunzi wanazichanganya. Sikujua kwamba siku nitakayokutana na tofauti yake ana kwa ana itakuwa kwenye kipande cha chuma kinachonuka mafuta ya taa. Nilitaka kumsahihisha Waya, angalau nipate nafuu kidogo, lakini sentensi yake haikuwa na kosa.

Hapo akaniuliza, kwa sauti iliyofika hadi meza ya chai, kuna nini cha maana humo ndani hadi shati linanilowa. Walimu wote wakageuka. Nikasema: mitihani.

3. Mitihani.

Naomba ieleweke kwamba jibu hilo nililitoa kwa nia ya kuilinda shule. Mitihani hiyo ipo. Ni ya uhakiki wa ushairi, na kwa sababu za kitaalamu yote imetungwa kwa beti za mishororo minne. Mada yake ni moja tu, ili kupima kina cha uelewa wa mtahiniwa. Kwa mfano, swali la kumi na saba linaanza hivi:

Ewe mvaa miwani, kalamu yako nyweleni,
Mimi niko mlangoni, kamusi i mkononi.

Utaona mwenyewe kwamba swali la aina hii likivuja kabla ya wakati wake, na hasa likivujia upande wa maktaba, heshima ya mtihani itakuwa imekwenda na maji.

Lakini neno "mitihani" likishatoka mdomoni halirudi. Diski ilirudishwa stoo, na wanafunzi waliokuwa hawajui stoo iko upande gani sasa wanajitolea kuifagia kwa zamu. Mmoja wa kidato cha nne, ambaye tangu kidato cha kwanza sijawahi kuona upindo wa shati lake ukiwa ndani ya suruali, alikuja ofisini kwangu amechomekea mpaka anashindwa kupumua, akaomba aruhusiwe kutupa "uchafu wowote wa kompyuta". (Najua wananiita Bwana Chomekea. Sina neno nalo. Ni jina lenye manufaa kwa jamii.)

Nawe kwa nia njema kabisa ukamhamisha mlinzi kutoka getini ukamweka chini ya dirisha la stoo. Mlinzi anamwambia kila apitaye, bila hata kuulizwa, kwamba hapa hapapiti mtu, kuna mitihani ya Makamu. Kabla ya ulinzi jambo hili lilijulikana kwa walimu na wanafunzi. Baada ya ulinzi linajulikana hadi kwa muuza maziwa, naye juzi alinipa pole.

4. Kamati.

Uliunda Kamati ya Muda ya Ufutaji. Nilihudhuria kama mwalikwa, bila haki ya kupiga kura juu ya diski yangu mwenyewe. Mwalimu wa kemia alipendekeza itumbukizwe kwenye tindikali, akaulizwa tindikali iko wapi, akakiri kwamba iliyokuwepo aliitumia kuzibulia sinki la maabara. Mwalimu wa kilimo alitaka izikwe. Akaulizwa na jirani yake itakuwaje ikiota, na wakacheka kwa muda mrefu kuliko hoja yenyewe ilivyostahili. Mwalimu wa ufundi alisema yeye ana drili, itobolewe, mambo yaishe. Niliunga mkono kwa mikono yote miwili hadi nikakumbushwa kwamba mimi ni mwalikwa.

Tulikuwa tunakaribia kufunga. Ndipo Mwalimu wa Taaluma aliposimama, akavuta koti lake chini, akasema hakuna mali ya shule inayoharibiwa bila yaliyomo kuhakikiwa. Kwamba lazima ateuliwe mtu mmoja aifungue, asome kila kilichomo, atie sahihi kuwa amekisoma chote, na baada ya hapo ndipo iharibiwe ili asiwepo mtu wa kukisoma. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaomba arudie, akarudia, tena polepole na kwa fahari. Yaani ili siri isisomwe, sharti kwanza isomwe! Kamati nzima ikaitikia kwa vichwa kama watu walioonyeshwa njia.

Na akateuliwa nani? Mkutubi. Kwa sababu, walisema, ndiye peke yake katika shule hii mwenye mafunzo ya kupanga maandishi kwa mada.

Mheshimiwa, mada ni moja tu.

5. Mwalimu wa Ufundi.

Baada ya kikao nilimvuta pembeni mwalimu wa ufundi, nikamwambia kwamba taasisi makini huwa hazisubiri. Hakuhitaji kubembelezwa. Alikwenda stoo na drili yake, mlinzi akampisha kwa saluti, akaitoboa diski matundu manne, mbele na nyuma, kisha akalipuliza vumbi lake kama mtu aliyekata keki.

Ilikuwa diski ya ofisi ya Taaluma. Ilikuwa stoo ikisubiri Waya aifunge kwenye kompyuta mpya, na Mama Stoo alipoiona imekaa na vumbi karibu na yangu iliyong'aa, aliionea huruma akaifuta nayo. Zilikuwa zinang'aa sawasawa. Hivyo ndivyo ratiba ya shule nzima ilivyopotea, na ndiyo sababu kidato cha pili A na kidato cha pili B wanafundishwa jiografia kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja, na walimu wawili waliogawana ramani, mmoja kaskazini na mwenzake kusini.

Kwa hiyo diski pekee katika shule hii iliyofutwa ikafutika ni ile ambayo hakuna aliyetaka ifutwe. Yangu imekabidhiwa maktaba kwa uhakiki, ikiwa hai, pamoja na ile nusu yake isiyofutika.

6. Mkutubi.

Hapa naomba univumilie, maana lalamiko hili lina vifungu.

Kwanza, aliukubali uteuzi. Angeweza kusema ana kazi nyingi, kama sisi wengine tunavyosema. Alikubali papo hapo, na mwalimu wa kilimo anadai kwamba alikubali hata kabla sentensi haijaisha.

Pili, alikuja ofisini kwangu akaniuliza, kwa upole, kama ningependa tuipitie pamoja kabla hajaanza. Nilimjibu kwamba nina kikao. Sikuwa na kikao. Alikitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele yangu, akakitazama tena, akasema, "Haya Mwalimu, kikao chema," akaondoka akitabasamu. Nawasilisha rasmi kwamba mtumishi aliyepewa jukumu la uhakiki hapaswi kutabasamu. Kanuni haisemi hivyo kwa sasa, na naomba iongezwe.

Tatu, kamusi. Kwa muda ambao sitautaja nimekuwa naazima kamusi maktaba, ile ile moja, narudisha, naazima tena. Mwalimu wa Kiswahili ana kamusi tatu nyumbani kwake. Mtumishi yeyote makini angeshuku. Yeye hajawahi kuuliza. Anagonga muhuri, anaupuliza wino ukauke, ananipa. Siku moja nilikuta imeazimwa na mwalimu wa fizikia. Nilikuwa nageuka niondoke, akanitolea kamusi nyingine chini ya meza, akaniambia, "Hii kurasa za M zimetoka zote, lakini si kitu, maana wewe hata hiyo nzima hujawahi kuifungua." Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini. Nilisema ahsante, nikagonga mlango kwa bega wakati wa kutoka.

Nayaeleza haya ili uelewe ukubwa wa hatari. Mtu anayeona kiasi hicho bila kuuliza, akipewa beti zaidi ya mia azisome kwa mamlaka ya Kamati, ataona nini?

Ninaogopa, Mheshimiwa. Nalisema waziwazi kwa kuwa hii ni barua ya kiofisi. Siku ya mgomo nilisimama mbele ya wavulana wa mabweni mawili wenye mawe mikononi, nikawaambia wachomekee kwanza ndipo tuzungumze, wakaweka mawe chini wakachomekea. Sikutetemeka. Lakini siwezi kukaa meza ya chai nikijua kwamba mmoja wetu pale mezani ameshasoma ninavyotunga mitihani. Yeye ni mjane, mimi ni mgane, watoto wangu wana nyumba zao, nami nimeshazoea kuosha kikombe kimoja na kijiko kimoja na kuviweka pale pale nilipovitoa. Maisha haya nayamudu. Nisichokimudu ni kuchekwa na mtu huyo. Akinicheka yeye, nitakuwa nimepoteza hata ile sababu ya kwenda kuazima kamusi.

(Kifungu hiki cha mwisho ukipenda usikisome mbele ya Bodi.)

7. Ubao.

Tangu Waya aniambie yale aliyoniambia, siwezi kufundisha. Nikifuta ubao najiuliza kama umefutika. Nimewaambia wanafunzi wangapi kwamba kosa lao nimeshalifuta? Nimefuta maonyo, nimefuta adhabu, nimefuta majina kwenye orodha ya watoro, na kila nilichokifuta niliamini kimekwenda. Kumbe huenda nilikuwa nachana tu kurasa za yaliyomo, na yenyewe yamekaa pale pale yakisubiri mtaalamu. Naomba kila ubao wa shule hii ukaguliwe, na vifutio vyote virudishwe kwa aliyetuuzia, kwa udanganyifu.

Kwa kuzingatia haya yote, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Uteuzi wa Mkutubi utenguliwe, na kazi ya kusoma diski apewe mtu asiyejua kusoma. Kama hatuna mtumishi wa aina hiyo, atafutwe. (Natumia kitenzi "tafuta". Mama Stoo aelezwe mapema, asije akamwendea mtu na kitambaa.)

(b) Diski ivunjwe, visahani vyake vya ndani vipigwe nyundo, na vipande vigawiwe wakuu wa idara. Kila mmoja atupe chake kwa wakati wake, wasiambiane.

(c) Kompyuta ambamo diski hiyo ilikaa nayo iondolewe, pamoja na kibodi yake. Naisisitiza kibodi. Herufi zake zilizochakaa kupita zote ni M, P, E, N, Z na I, na mpelelezi yeyote hata wa kidato cha kwanza anaweza kuziunganisha.

(d) Mkutubi apandishwe cheo, jambo analostahili kabisa, na ahamishiwe shule ya mbali. Nikilitafakari zaidi, isiwe mbali sana. Nikiendelea kulitafakari, naona yeye abaki, nihamishwe mimi.

(e) Na kama hayo yote hayawezekani, kama diski hii haifutiki kwa kitambaa wala kwa sifuri wala kwa drili, basi Bodi itumie ile maana nyingine ya kitenzi: nifutwe mimi. Kazi. Njia hiyo haihitaji fundi wala kamati, na tofauti na nyingine zote imewahi kufanyiwa majaribio hapa ikafaulu. Yule mwalimu wa michezo alipofutwa, alifutika. Hata jina lake silikumbuki.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wa Bodi wote. Msalimie Mwalimu wa Taaluma na umpe pole ya ratiba. Msalimie Mama Stoo, mwambie sina kinyongo, ila asifute kitu kingine bila kuniona. Salamu kwa mwalimu wa ufundi, kwa Waya, kwa mlinzi, kwa walimu wote wa jiografia, wa kaskazini na wa kusini, kwa shemeji yetu nyumbani kwako na watoto. Muuza maziwa nitamsalimia mwenyewe.

Nabaki, nikiwa nimechomekea,

Makamu Mkuu wa Shule (Nidhamu)
na Mwalimu wa Kiswahili

Nakala: Faili. Maktaba isipewe.

BAADA YA SAHIHI:

Mheshimiwa, barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Mkutubi alipoingia, tena bila hodi.

Diski imekufa. Anasema imemfia mikononi leo asubuhi. Iligonga, ikagonga, ikanyamaza, na Waya ameitwa ameithibitisha kuwa safari hii haiamki tena. Ndicho nilichokuwa nakiomba kwa kurasa zote hizi, na nilipoambiwa nikashika meza.

Lakini kabla haijanyamaza alikuwa amesoma. Ile nusu isiyofutika ameisoma karibu yote, na iliyomgusa ameichapa. Aliniwekea karatasi hizo mezani, nikakuta amezisahihisha kwa penseli. Kwenye kipande cha mshororo kisemacho "Nikija nikirudi" ameandika pembeni: mizani saba, pungufu moja. Ni kweli. Mwanafunzi ningemkata maksi. Mahali pengine ameandika "kina kimelazimishwa", na hapo pia sina la kujitetea. Sikuwa nimejua kwamba anazijua arudhi. Kwa miaka yote hii hakuniambia, nami sikuuliza.

Pembeni mwa ubeti mmoja, ambao sitautaja katika barua ya kiofisi, ameandika maneno mawili: "Ni mimi?" Kisha akaifuta ile alama ya kuuliza. Bado inaonekana ukiielekeza karatasi kwenye mwanga.

Sikuwa na kikao. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, akavuta kiti akakaa.

Kwa hiyo naomba barua hii isifanyiwe kazi, kuanzia salamu hadi sahihi. Asihamishwe mtu. Vipande visipigwe nyundo. Kibodi iachwe. Badala yake naomba shule iwasiliane haraka na wale wataalamu wa mijini wenye maabara, na wasome hizo sehemu mbovu kila herufi, kwa sababu diski ilikata katikati ya shairi la mwisho, ubeti wa tatu, na Mkutubi anataka kujua linakwishaje. Mimi silikumbuki. Nimelitafuta kichwani mwangu mbele yake mpaka nikaona aibu, na halipo.

Yeye haoni haja ya wataalamu. Anasema niliyeliandika mwanzo nipo, nina mikono, nilimalizie, na atakuwa maktaba kwenye meza ya dirishani akinisubiri. Nilimwonya kwamba mimi hutunga polepole, na kwamba sijawahi kutunga huku mtu ananiangalia. Akasema hana pa kuwahi.

Naomba basi mlinzi aambiwe kwamba leo asifunge maktaba.